Acheni Kulia kwa Ile Video ya Sekunde Thelathini

Kila wiki mbili hivi kuna mtu ananitumia ile video. Mnaijua. Mtoi amekaa kwa mapaja ya mathe, daktari yuko pembeni na kompyuta, kuna kitu kama kifungo kimeshikilia nyuma ya sikio. Daktari anabonyeza. Mtoi anaganda. Macho yanapanuka, mathe anaita jina lake, mtoi anageuka. Kilio. Muziki wa piano. Emoji za machozi mpaka chini. Na lazima kuna msee ameandika: "Sasa anasikia, Mungu ni mwema."

Mungu ni mwema, sikatai. Shida yangu ni hilo neno "sasa".

Ile video ni ya siku ya kwanza. Inaonyesha kwamba umeme umefika kwa neva ya kusikia na ubongo umeshtuka. Haionyeshi kama mtoi ameelewa neno hata moja. Na haionyeshi kabisa hiki kitu nataka tubishanie leo: akishasikia, anashikilia alichosikia kwa muda gani, na kwa mpangilio gani? Wataalamu wanaiita kumbukumbu ya kusikia. Ndiyo unatumia muuza mayai akikusomea nambari yake ya M-Pesa kabla hujafungua simu. Ndiyo mtoto wa darasa la pili anatumia mwalimu akisema "fungeni kitabu, toeni kalamu, andikeni tarehe". Bila hiyo, unasikia kila kitu na hakuna kinachobaki.

Msimamo wangu nausema mapema ndio usimalize bando bure. Mtoto mwenye kipandikizi cha kokleari akipimwa kumbukumbu kwa lugha ambayo hawaongei kwao, halafu alama zake zilinganishwe na jedwali la watoto wa Marekani, hicho si kipimo. Ni uonevu umevaa koti jeupe. Na kutompima kabisa ni uonevu pia, wa kimyakimya.

Kwanza tuelewane kifaa chenyewe ni nini, juu watu wengi wanadhani ni kile kifaa cha kawaida cha kusaidia kusikia, tu kikubwa. La. Kile cha kawaida kinaongeza sauti. Kipandikizi kinaruka sehemu iliyoharibika. Nje kuna mikrofoni na kompyuta ndogo nyuma ya sikio. Inakatakata sauti, inaituma kwa redio kupita ngozi ya kichwa hadi kwa sehemu iliyozikwa ndani, halafu waya mwembamba uliosukumwa ndani ya kile kiungo kilichojikunja kama konokono unaichokoza neva kwa umeme. Graeme Clark na wenzake wa Melbourne walimpandikizia mtu mzima kifaa chao cha elektrodi nyingi mwaka wa 1978. Mwaka wa 1990 Marekani ikaruhusu aina hiyo kwa watoto kuanzia miaka 2. Kwa hivyo si uchawi wa juzi, ni teknolojia ya miongo.

Lakini piga hii hesabu. Sikio zima lina karibu chembe 3,500 za ndani zinazopelekea ubongo sauti. Aina mojawapo inayotumika sana ya kipandikizi ina elektrodi 22. Ni kama kuchukua picha ya Uhuru Park siku ya sherehe halafu uichore upya kwa vigae ishirini na mbili. Utaona kuna watu. Utaona kuna kijani. Kumtambua binamu yako katikati ya umati, hapo utatoa jasho. Na ndiyo kazi ubongo wa huyu mtoi unafanya kutwa nzima: unakisia neno lililoingia, na wakati huohuo unajaribu kushikilia lile lililotangulia. Kazi mbili, mikono ileile.

Sasa nieleze kwa nini hii maneno inanichoma.

Mtoto wa shangazi yangu alipandikizwa akiwa na miaka mitatu, baada ya homa ya uti wa mgongo kumwachia ukimya masikio yote mawili. Familia ilichanga, ploti ikauzwa, watu wa kanisa wakatoa, na hata mimi niliyekuwa sina kitu nikatoa. Leo ana miaka minane. Akienda kwa daktari wa masikio, mchoro wake wa kusikia unatoka safi. Anasikia mlango, anasikia kuku, anasikia ukifungua pakiti ya biskuti ukiwa vyumba viwili mbali. Lakini mwambie "lete kikombe chekundu na daftari iko juu ya meza", atakuja na daftari. Kikombe kimeanguka njiani, ndani ya kichwa. Ripoti ya shule, mihula mitatu mfululizo: hafuati maagizo, hana umakini.

Mwaka jana shule ikasema apimwe. Sitaji wapi, na haijalishi, juu ninaamini ingeweza kuwa popote. Nilimsindikiza shangazi. Chumba kiko kando ya barabara, dirisha wazi, nje makanga wanaita watu kama wamelipwa kwa desibeli. Mpimaji, mtu mpole tu kusema ukweli, ameinamia karatasi yake anasoma nambari kwa Kiingereza. Mbili, mtoi arudie. Tatu, arudie. Nne. Binamu yangu akanigeukia kuniangalia mdomo, halafu akamwangalia mamake. Alifika tatu, ikawa basi. Hakuna aliyeuliza nyumbani anahesabu kwa lugha gani. Hakuna aliyegusa kifaa kuona kama betri iko hai. Wiki mbili baadaye barua: kumbukumbu dhaifu, inapendekezwa arudie darasa.

Shangazi alisoma hiyo barua akiwa amesimama jikoni. Akaniuliza, "Kwani mtoto wangu ni mjinga, mwanangu?"

Nikamwambia hapana, shangazi. Halafu nikaenda kusoma, juu kusema hapana bila sababu ni kumfariji mtu tu.

Jioni moja tulizima redio, nikafunga dirisha, nikakaa upande wa kifaa chake na kumsomea nambari kwa Kiswahili, polepole, moja kwa sekunde. Alishika nne. Mara moja akashika tano. Sisemi jioni moja kwa kochi ni utafiti. Nasema ukibadilisha chumba na lugha, mtoto yuleyule anakupa jibu lingine, na mtu aliandika lile jibu la kwanza kwa barua rasmi.

Kile kipimo cha kurudia nambari ni cha zamani na ni cha maana, hapo sina ugomvi. Unasoma nambari moja kila sekunde, unaongeza urefu mpaka mtu ashindwe. Halafu unafanya tena kwa kurudi nyuma: nikisema mbili, saba, unasema saba, mbili. Kwenda mbele kunapima kushikilia. Kurudi nyuma kunapima kushikilia huku ukipindua, na hiyo ni kazi nzito zaidi.

Wanaoongoza kwa kuwatumia watoto wenye vipandikizi hiki kipimo ni watu wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. David Pisoni na Miranda Cleary walichapisha mwaka wa 2003 matokeo ya watoto 176 wa miaka 8 na 9. Walishika nambari chache kuliko wenzao wanaosikia kawaida. Lakini habari tamu haiko hapo. Walipima pia kasi ya watoto kutamka sentensi, wakapata kwamba anayetamka haraka anashika zaidi. Kwa nini? Juu sisi sote, tukitaka kushika kitu, tunajirudia kimoyomoyo. Alan Baddeley na wenzake walishaonyesha mwaka wa 1975 kwamba watu hushika takriban maneno wanayoweza kutamka kwa sekunde mbili. Yaani kichwani kuna kanda fupi inazunguka, na neno lisipotamkwa tena kabla kanda haijaisha, limefutika. Mtoto aliyekaa miaka mitatu bila sauti amechelewa kuanza kuzungusha hiyo kanda. Hajazaliwa bila kichwa.

Kuna jaribio lao lingine nalipenda sana. Waliwapa watoto kisanduku chenye vitufe vinne vya rangi. Wakati mwingine unasikia majina ya rangi, wakati mwingine taa zinawaka tu bila sauti, na wewe unabonyeza kwa mpangilio uleule. Ungetarajia kwa taa peke yake watoto wenye vipandikizi watoshane na wengine, si ndiyo? Macho yao si mazima? Lakini bado walishika kidogo. Kwa sababu mtoto anayesikia, akiona taa nyekundu, anajiambia kimya "nyekundu". Anageuza mwanga kuwa neno, anaweka kwa kanda. Kumbe hata kukumbuka unachoona kunapitia mdomo wa ndani.

Ndio maana ukitaka kujua kama shida ni ya kumbukumbu nzima ama ni ya upande wa sauti, unahitaji pia kitu ambacho hakina jina. Kipo. Vinaitwa vipande vya Corsi, tangu 1972, tena kutoka Kanada: vipande tisa vya mbao vinavyofanana, vimetawanywa kwa ubao, unavigonga kwa mpangilio na mtoto anakufuata. Fundi wa jua kali anakutengenezea kabla chai haijapoa. Mtoto akishika vizuri kwa mbao na vibaya kwa nambari za kusomewa, barua ya "kumbukumbu dhaifu" ni uongo. Andika kumbukumbu ya maneno inahitaji kujengwa. Ni sentensi tofauti kabisa na inampeleka mtoto mahali tofauti.

Sasa tuje kwa lugha, maana hapa ndipo nataka tupigane.

Hesabu na mimi kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Kila moja ina silabi mbili. Hata nne: n-ne. Sasa hesabu kwa Kiingereza. Ukiacha saba yao, zote ni silabi moja. Kumbuka ile kanda ya sekunde mbili. Ziko wapi nambari nyingi zaidi? Hili si wazo langu la usiku wa manane. Mwaka wa 1980 Ellis na Hennelly waliuliza kwa nini watoto wa Wales wanaonekana kushika nambari chache kuliko watoto wa Marekani kwenye toleo la Kiwelisi la kipimo kinachojulikana cha akili. Wakagundua nambari za Kiwelisi zinachukua muda mrefu kutamka. Mtu yuleyule wa lugha mbili alishika nyingi zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kiwelisi. Watoto walikuwa sawa tu, na aliyekosea ni jedwali walilolinganishwa nalo.

Kwa hivyo usiniambie "basi tutafsiri tu, tumalize". Ukimsomea mtoto wa Kayole nambari za Kiswahili halafu uchukue alama zake uzipime kwa jedwali la Kiingereza, umemwonea upande wa pili. Kutafsiri nusu ni mtego. Unahitaji kujua watoto wa hapa, wanaosikia vizuri, wa umri huohuo, wanashika ngapi kwa lugha hiyohiyo. Hapo ndipo una kitu cha kulinganisha.

Na sisi Wakenya tuna vituko vyetu hapa, tukubali. Mtu anaongea Kiswahili fasaha dakika kumi, akifika kwa nambari ya simu anahamia Kiingereza bila hata kupepesa. Kuna watoi wanahesabu kwa Kiingereza juu ya shule, wanaagizwa kwa Kiswahili, wanagombezwa kwa lugha ya nyanya. Mpimaji hawezi kukisia hiyo akiwa kwa meza. Lazima aulize mzazi. Swali moja, dakika moja: huyu mtoto anahesabu kwa lugha gani akicheza? Ukiona hilo ni gumu kuuliza, rudisha karatasi yako kabatini.

Halafu kuna mambo ya sauti zenyewe. Tatu na tano zinaanza sawa. Sita na saba zinaanza na kuisha sawa. Nne na nane ni ndugu. Kwa vigae ishirini na viwili, hizo zinakaribiana sana. Mtoi akisema "tano" mahali pa "tatu", amesahau ama alisikia hivyo? Kipimo kisichoweza kutenganisha hayo mawili kinapima bahati. Suluhisho lake halihitaji pesa: kabla ya kuanza, msomee kila nambari peke yake, arudie. Anazochanganya, ziondoe kwa orodha. Na kabla ya hapo hakikisha kifaa kinafanya kazi kwa zile sauti sita za Daniel Ling: a, u, i, sh, s, m. Funika mdomo, toa sauti moja moja, mtoto arudie ama ainue mkono. Zote ziko kwa Kiswahili, hata huhitaji kusafiri. Dakika moja tu. Binamu yangu hakupewa hiyo dakika.

Lakini kitu ambacho vipimo vya Kiingereza haviwezi kuona hata vikivaa miwani ni hiki: neno letu ni treni. Sitakununulia. Neno moja, silabi saba: si-ta-ku-nu-nu-li-a. Injini iko mbele, hiyo "si" ndiyo imebeba habari yote mbaya. Mtoto anayedondosha kichwa na kushika mkia amesikia ahadi ya kununuliwa kitu. Mnafika dukani, anachukua, unamnyang'anya, analia mpaka anajitupa chini, na wapita njia wanasema huyu amedekezwa. Hajadekezwa. Alishika silabi nne kati ya saba. Ama chukua alinipiga na alimpiga. Mwalimu wa zamu akimuuliza, silabi moja katikati ndiyo inaamua nani anaadhibiwa. Sisi tunaweka nani, lini, kwa nani na hapana ndani ya neno moja bila kupumua, kwa hivyo kumbukumbu ya silabi kwa mpangilio ni suala la haki kabisa. Hicho ndicho kipimo chetu kingeanza nacho: maneno marefu kidogo kidogo, na maneno ya kubuni yasiyo na maana, yenye silabi za Kiswahili, ili mtoto asikisie kutoka kwa anachokijua tayari.

Najua maoni yatakavyokuja, kwa hivyo nijibu mawili hapa hapa.

La kwanza: "Kuna watoi hawana hata kifaa cha kawaida na wewe unalia kuhusu kumbukumbu ya mtoto wa milioni." Sawa. Shirika la Afya Duniani linasema duniani watoto milioni 34 wana upotevu wa kusikia unaohitaji msaada, na karibu asilimia 60 ya upotevu wa watoto ungeweza kuzuiwa. Chanjo, matibabu ya homa ya manjano ya watoto wachanga, kutibu masikio yanayotoa usaha. Pigania hizo, nitakuwa nyuma yako na bango. Lakini hiyo haimaanishi ukishauza ploti ya familia na kumweka mtoto waya kichwani, umwache hapo. Operesheni ndiyo ya bei ya ploti. Kipimo ninachoongelea ni karatasi, kalamu, mbao tisa, chumba chenye dirisha linalofungika, na mtu aliyefundishwa. Tumelipa gari tukakataa kulipa mafuta.

La pili linatoka kwa marafiki zangu viziwi, na hili nalisikiliza kwa heshima zaidi: "Mbona mnawatesa watoto na sauti? Wapeni lugha ya ishara." Nakubali nusu kubwa. Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, na ni mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge. Si tiba ya walioshindwa. Mtoto mwenye kipandikizi akizima kifaa usiku, ama betri ikiisha katikati ya somo, ni kiziwi, na anastahili lugha isiyohitaji betri. Tena kuna utafiti wa mwaka wa 2004, wa Boutla, Supalla, Newport na Bavelier, uliopata kwamba watumiaji hodari wa lugha ya ishara ya Marekani hushika kama vitu vitano kwa mpangilio pale wanaoongea wanaposhika kama saba, na lugha yao haina upungufu wowote. Yaani nambari chache si akili chache. Ninachokataa ni kumlazimisha mtoto achague. Mpime kwa ishara kama anaishara, mpime kwa sauti kama anaongea, na kama anafanya yote mawili, mpime yote mawili.

Na mzazi asidanganywe na alama ya siku moja. Timu hiyohiyo ya Indiana ilichapisha mwaka wa 2013 kazi iliyofuata watoto kwa miaka, na uwezo wao wa kushika nambari ulisaidia kutabiri lugha yao ya baadaye. Ndio maana unapima mapema na unarudia. Unapima ili ujue ufundishe nini: uanze na maagizo mafupi, uyaongeze, umkalishe mbele, mwalimu amwambie arudie alichosikia kabla hajaenda kukifanya. Ukipima mara moja ili upate mahali pa kumhamishia mtoto, hujapima, umehukumu.

Vituo vya tathmini vya EARC vimekuwa nchini tangu 1984. Bima ya afya ya serikali imebadilishwa jina na kila mtu anakatwa mshahara. Miundo ipo, pesa inapita mahali. Nataka mtu wa wizara aniambie: mtoto akiwekewa kipandikizi, ni nani amepewa jukumu la kumpima kumbukumbu mwaka mmodi baadaye, kwa lugha gani, kwa jedwali la nani? Nipe jina la ofisi, si pole.

Lakini sitawangoja, na nyinyi msingoje, juu wengi wenu mko kampasi mnatafuta kichwa cha mradi wa mwaka wa nne na mnataka kunakili wa mwaka jana. Chukua huu. Watoto mia moja wanaosikia vizuri, miaka 6 hadi 9, wengine Kawangware, wengine Kisauni, wengine Kakamega. Idhini ya wazazi na ya shule kwanza, hiyo haina mjadala. Nambari kwa Kiswahili, kwenda na kurudi. Nambari kwa Kiingereza, ili tuone tofauti. Mbao tisa. Maneno marefu ya kweli, na ya kubuni. Andika wanashika ngapi kwa kila umri. Wewe wa isimu utengeneze maneno, wewe wa elimu maalum upime, wewe wa takwimu upige hesabu, na mpeleke kwa mtaalamu wa usemi awarekebishe kabla hamjaingia darasani.

Maneno ya kubuni naweza kuwaanzishia: bisuto, tozemba, lapumezi. Shangazi ashayacheka. Ila mpitishe kwanza kwa watu wa kila kabila mnaloenda kupima, tusije tukasimama mbele ya darasa la pili huko Kakamega tukiwasomea watoto matusi.